Seneca, Epictetus au Marcus Aurelius: uanze na yupi?

Nilianza na Marcus Aurelius, na nilikosea. Nilikuwa na miaka 23, na kitabu chake nilikinunua kwenye meza ya vitabu vya mitumba pale Posta, Dar es Salaam. Kilichonivuta ni ukubwa wa jina: mtawala wa Roma nzima aliyekuwa pia mwanafalsafa. Kimegawanyika sehemu kumi na mbili. Nilifika ya nne, nikakirudisha kabatini, kikakaa huko miaka minane. Muda wote huo niliamini kwamba Wastoiko, yaani wanafalsafa wa shule yake, wamenishinda. Kumbe nilikuwa nimeingia chumbani mwa mtu anayezungumza na nafsi yake, halafu nikakasirika kwamba hakunikaribisha.

Siku hizi ndugu na rafiki zangu wananiuliza swali lile lile ambalo mimi sikumuuliza mtu: kati ya hawa watatu, nianze na nani? Swali ni la maana kuliko linavyoonekana, kwa sababu vitabu vyao havifanani hata kidogo, ingawa mafundisho ni yale yale. Anayeanza na asiyemfaa huacha, na akiacha harudi kwa urahisi.

Kwanza jina. Aliyesoma Matendo ya Mitume amekwisha kukutana nao: sura ya 17, Paulo yuko Athene, na baadhi ya Waepikureo na Wastoiko wanakutana naye. Jina lao limetokana na stoa, yaani ukumbi wenye nguzo, ulio wazi upande mmoja, ambapo watu walikutana na kuzungumza. Sisi tungeuita baraza. Zeno, mfanyabiashara kutoka mji wa Citium kisiwani Kupro, alifundisha katika baraza ya namna hiyo sokoni Athene, iliyopambwa kwa picha za ukutani, kuanzia karibu mwaka 300 K.K. Wastoiko, kwa hiyo, ni watu wa barazani. Chrysippus, aliyeshika uongozi wa tatu, anasemekana aliandika vitabu zaidi ya 700, na hakuna hata kimoja kilichotufikia kizima. Vitabu tunavyoweza kuvishika mkononi leo karibu vyote vinatoka kwa watu watatu wa zama za Roma: Seneca aliyekufa mwaka 65 B.K., Epictetus aliyekufa karibu mwaka 135, na Marcus Aurelius aliyekufa mwaka 180. Tajiri, mtumwa, mfalme.

Mafundisho yenyewe yanaelezeka haraka. Kuna mambo yaliyo katika uwezo wetu: tunavyohukumu mambo, tunavyotaka, tunavyotenda. Kuna mengine hayamo katika uwezo wetu: mwili, mali, cheo, maneno ya watu. Wema na ubaya wa kweli umo katika fungu la kwanza tu. Afya ni bora kuliko ugonjwa na mtu ana haki ya kuitafuta, ila kuikosa hakumfanyi kuwa mtu mbaya wala maisha yake kuwa bure. Na kwa kuwa sote tuna akili, na akili hiyo ni kipande cha akili inayouendesha ulimwengu, binadamu wote ni ndugu. Yote mengine ni mazoezi.

Tofauti kubwa ya hawa watatu ni nani anayeambiwa. Seneca anamwandikia rafiki. Epictetus anawasemesha wanafunzi darasani. Marcus anajiambia mwenyewe. Ukilishika hili moja, mengine yote yatafuata.

Seneca, anayekuandikia barua

Lucius Annaeus Seneca alizaliwa Corduba, Hispania, karibu mwaka 4 K.K. Alipanda juu sana, akaanguka sana. Mwaka 41 alipelekwa uhamishoni Corsica, akakaa huko miaka minane. Akarudishwa kuwa mwalimu wa kijana Nero, kijana akawa mfalme, mwalimu akawa mshauri na mmoja wa matajiri wakubwa wa Roma. Alipoona mambo yameharibika alijitenga, na katika miaka yake mitatu ya mwisho akaandika barua kwa rafiki yake Lucilius, mtumishi wa serikali aliyekuwa Sicilia. Zimebaki barua 124. Mwaka 65 Nero alimwamuru ajiue, kwa tuhuma kwamba alishiriki njama ya kumpindua.

Uzuri wa barua hizi ni kwamba zinaanza na mambo madogo. Barua ya 56 imeandikwa na mtu aliyepanga juu ya bafu la umma, naye anakusimulia kila sauti inayompandia dirishani: wanyanyua vyuma wanavyoguna, anayekandwa mabega, mnyoa nywele za makwapa anayejitangaza kwa sauti nyembamba asinyamaze ila pale mteja wake anapoanza kupiga kelele badala yake, wauza soseji na wauza vitafunwa, kila mmoja na mwito wake. Mtu aliyewahi kupanga chumba jirani na baa au gereji hahitaji kuelezwa zaidi. Hoja ya Seneca inakuja baadaye: kelele zinazosumbua hasa ni zile za ndani. Halafu, mwishoni, anakiri kwamba ameamua kuhama. Nilipofika pale nilijua nimempata mwalimu.

Barua ya 12 naipenda kuliko zote. Amekwenda shambani kwake, anamlalamikia msimamizi kwamba nyumba inabomoka. Msimamizi anamjibu: nyumba imezeeka. Seneca ndiye aliyeijenga. Anakasirika kwamba miti haitunzwi, majani yamepukutika. Msimamizi anaapa kwamba anaitunza, ila imezeeka. Seneca ndiye aliyeipanda kwa mkono wake. Anageuka, anamwona mlangoni mzee aliyepungukiwa meno, anauliza huyu kikongwe mmemtoa wapi. Mzee anasema: hunitambui? Mimi ni Felicio, uliyekuwa ukiniletea vinyago vya sikukuu. Alikuwa mtoto wa Philositus msimamizi, kipenzi cha Seneca zamani hizo. Basi hapo ndipo barua inapoanza kuzungumza kuhusu uzee, na msomaji amekwisha kuguswa kabla ya hoja yoyote.

Yapo na mengine: pumu yake, ambayo anasema waganga waliita mazoezi ya kufa (barua ya 54), safari ya mashua iliyomtia kichefuchefu hadi akajitupa baharini kuogelea ufukoni (ya 53), pendekezo la kutenga siku chache ule chakula duni na kuvaa nguo za kukwaruza, ili ujiulize kama hiki ndicho ulichokuwa ukikiogopa (ya 18). Katika barua za mwanzo humpa Lucilius zawadi ya kufungia, msemo mmoja mzuri, na mara nyingi msemo huo ni wa Epicurus, mwalimu wa shule pinzani. Kilicho kweli, anasema, ni changu.

Kuna doa, na lazima lisemwe kwa sababu kila anayemsoma hulikuta. Aliandika kuhusu kutosheka na kidogo huku mali yake ikitajwa kuwa sesta (sarafu ya Roma) milioni 300. Alimtumikia Nero hata baada ya Nero kumuua mama yake, na ndiye aliyeandika maelezo ya kulifunika tendo hilo mbele ya baraza la wazee la Roma. Mimi silipuuzi. Linanifanya niwe macho ninapomsoma. Lakini pia naona kwamba hadai popote kuwa amefika. Anasema wazi kwamba yeye na Lucilius ni wagonjwa waliolazwa wodi moja, wanaopeana dawa. Kwa msomaji anayeanza, sauti ya mgonjwa mwenzako ni rahisi kuisikiliza kuliko ya daktari.

Epictetus, anayekukemea

Daktari ni huyu. Epictetus alizaliwa karibu mwaka 50 huko Hierapolis, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, akiwa mtumwa. Jina lenyewe lina maana ya "aliyepatikana", kama bidhaa. Alimilikiwa na Epaphroditus, aliyekuwa katibu wa Nero na ambaye naye alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Alikuwa kiwete. Alipopata uhuru alifundisha Roma, mpaka mfalme Domitian alipowafukuza wanafalsafa, ndipo akafungua shule Nicopolis, pwani ya kaskazini-magharibi ya Ugiriki. Hakuandika chochote. Mwanafunzi wake Arrian, ambaye baadaye alikuja kuwa gavana wa Roma na mwandishi wa historia ya Alexander, ndiye aliyenakili maneno ya darasani. Vitabu vya Mazungumzo vilikuwa vinane, vimebaki vinne. Arrian akachuja pia kijitabu cha sura fupi 53, Kitabu cha Mkononi. Neno hilo la Kigiriki lilitumika vilevile kwa jambia: kitu unachokaa nacho karibu.

Wanafunzi wake wengi walikuwa vijana wa koo kubwa, waliokuja kujifunza kabla ya kwenda kushika vyeo, na aliyewahi kuwa mtumwa aliwaita "mtumwa wee" mbele ya wenzao. Alimaanisha. Aliye na hofu ya kupoteza cheo, alisema, ana bwana, na bwana wake ni yeyote anayeweza kumpa au kumnyang'anya cheo hicho. Shule ya falsafa aliiita zahanati: hutoki humo ukicheka, unatoka na maumivu, kwa sababu uliingia mgonjwa.

Nilimsoma kwa mara ya kwanza kwenye simu, kwenye benchi la nje ya wodi, baba yangu alipolazwa wiki tano. Sura ya kwanza ya Kitabu cha Mkononi inagawa mambo mafungu mawili, yaliyo katika uwezo wetu na yasiyokuwemo. Usiku ule niligawa. Majibu ya figo hayakuwa yangu. Yangu yalikuwa kufika saa ya uji, kumwosha baba bila haraka, kutompandishia sauti muuguzi aliyekuwa peke yake na wagonjwa wengi, na kumwambia mama ukweli. Ilikuwa orodha fupi, na kwa kuwa ilikuwa fupi niliweza kuitimiza. Sijui kitabu kingine ambacho kingenifaa usiku ule. Seneca angenichangamsha, na sikuwa na nafasi ya kuchangamshwa.

Wengine wamemtumia katika shida kubwa kuliko yangu. James Stockdale, rubani wa jeshi la wanamaji la Marekani, alidunguliwa Vietnam ya Kaskazini mwezi Septemba 1965 na akakaa kifungoni zaidi ya miaka saba, mguu wake ukiwa umevunjika, akijikumbusha sura alizozishika kichwani. Wanasaikolojia Albert Ellis na Aaron Beck, walioanzisha tiba ya mazungumzo inayochunguza fikra za mgonjwa, walikiri deni lao kwa Wastoiko, na sentensi inayotajwa zaidi ni ya sura ya 5: watu hawasumbuliwi na mambo, bali na hukumu wanazotoa juu ya mambo.

Na amefika karibu na kwetu kwa njia nyingine. Sura ya 7 ina mfano wa chombo kilichotia nanga: abiria anashuka kuteka maji, njiani anaokota kome na vitunguu pori, lakini sikio liwe kwa nahodha, maana akiita lazima uache vyote ukimbie. Al-Kindi, mwanafalsafa wa Baghdad wa karne ya 9, aliyeandika kwa Kiarabu risala ya namna ya kuondoa huzuni, ana mfano wa namna hiyo hiyo, mrefu zaidi, wa abiria walioshuka pwani na wengine wakasahau merikebu kwa ajili ya maua na mawe mazuri. Mtu wa pwani anausoma na kuuona Lamu au Bagamoyo.

Ugumu wake ni kwamba Mazungumzo hayana mpango. Mada inarukiwa, inarudiwa, kuna majina ya watu wa Roma na hoja za mantiki zinazochosha. Ana ukali unaoweza kumvunja mtu aliye dhaifu. Kwa hiyo Kitabu cha Mkononi kwanza, ambacho kinasomeka kwa saa moja, kisha Mazungumzo kwa kuokota: kitabu cha kwanza, sura za 1, 2 na 18, zinatosha kuonja.

Marcus Aurelius, asiyejua kwamba unamsoma

Alitawala kuanzia mwaka 161 hadi 180, na karibu utawala wote ulikuwa wa balaa: tauni iliyoletwa na askari kutoka mashariki, vita visivyokwisha kandokando ya mto Danube, na jemadari wake Avidius Cassius aliyejitangaza mfalme mwaka 175. Daftari lake, ambalo tumelizoea kwa jina la Tafakuri, halikuwa na jina tunalolijua kuwa ni lake, na lilichapwa kwa mara ya kwanza mwaka 1559 huko Zurich. Sehemu moja ina maelezo kwamba iliandikwa kwa Waquadi, kabila la ng'ambo ya Danube, kando ya mto Gran. Nyingine Carnuntum, ngome iliyo katika Austria ya leo. Mrumi huyu, akiwa kambini, alijiandikia kwa Kigiriki.

Kwa kuwa anajiandikia, haelezi. Anarudia neno lile lile mara kumi kwa sababu jana alilisahau. Ndiyo iliyonichosha nikiwa na miaka 23: nilidhani ni mwandishi asiyejua kupanga mawazo. Sasa ndiyo inayonigusa. Mtu mwenye majeshi anaanza sehemu ya tano akibishana na nafsi yake kuhusu kuamka: naamka kufanya kazi ya binadamu. Lakini kitandani kuna joto. Basi uliumbwa kwa ajili ya joto? Kwingine anajionya asigeuke Kaisari, asikolee rangi ya joho. Na joho lenyewe la zambarau anajikumbusha kwamba ni sufu ya kondoo iliyochovywa katika damu ya konokono wa baharini.

Msomaji wa Kiswahili ana ufunguo wa kitabu hiki ambao wengine hawana. Tuna utenzi wa Al-Inkishafi. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir anaukalisha moyo wake mwenyewe na kuuonyesha Pate: majumba ya matajiri, madaka yaliyojaa sahani za kifahari ambamo sasa wamelala vitoto vya ndege. Marcus anafanya hivyo hivyo. Anaitaja nyumba ya kifalme ya Augustus, mke, binti, wajukuu, waganga, marafiki, kisha: wako wapi? Anaitaja miji iliyokufa, Pompeii na Herculaneum. Imani ni tofauti na matumaini ni tofauti, kwa kuwa mshairi wa Pate anajua kuna Akhera na Marcus hana hakika, lakini mkao ni mmoja: mtu na moyo wake, uso kwa uso. Ukikisoma namna hiyo, polepole, kama unavyosikiliza utenzi, marudio hayachoshi.

Sehemu ya kwanza ruka. Ni shukrani kwa watu waliomlea, majina tupu kwa asiyewajua. Irudie mwishoni, na hapo utaona ni kurasa bora kuliko zote. Humo anamshukuru mwalimu wake Rusticus kwa kumwazima maneno ya Epictetus kutoka katika nakala yake mwenyewe. Yaani mfalme alimsoma mtumwa, na anamnukuu waziwazi. Ndiyo sababu nasema kuanza na Marcus ni kusoma majibu kabla ya kusikia maswali.

Waweke mbele ya msiba mmoja

Kama huna muda wa yote hayo, walinganishe hapa, kwenye kifo cha umpendaye.

Epictetus anasema, sura ya 3: ukimbusu mtoto wako, jiambie kwamba unambusu binadamu, na akifa hutafadhaika. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikaribia kukitupa kitabu. Sina hakika hata leo kwamba nampa haki yote, ingawa naelewa kwamba katika dunia ambamo watoto walikufa kwa wingi, alikuwa akiwafundisha wazazi kupenda bila kujidanganya.

Seneca, barua ya 63, anamfariji Lucilius aliyefiwa na rafiki. Machozi yatoke, anasema, ila yasimwagike bila kikomo. Kisha anakiri: mimi ninayekuandikia haya nilimlilia rafiki yangu Annaeus Serenus kupita kiasi, nikawa mfano wa watu walioshindwa na huzuni. Sababu, anasema, ni kwamba hakuwahi kufikiri mdogo wake kwa umri angetangulia.

Marcus alizaa na mkewe Faustina watoto wasiopungua 13, na wengi wao aliwazika wakiwa wadogo. Anayanukuu maneno yale ya Epictetus katika sehemu ya kumi na moja, kwa ufupi, kama mtu anayejikumbusha jambo zito. Na katika ya tisa anaandika kwamba mwingine huomba asimpoteze mtoto wake. Wewe omba usiogope kumpoteza. Neno lililotoka kwa mwalimu akiwa darasani limefika kwa baba aliyezika. Sidhani kuna mahali pengine katika maandiko yao ambapo tofauti ya watatu inaonekana wazi kama hapa: mmoja anaagiza, mmoja anakiri, mmoja anajaribu.

Kwenye hasira hali ni nyingine, na hapa Seneca anawazidi. Aliandika vitabu vitatu kamili vya hasira, akivielekeza kwa kaka yake Novatus, ambaye baadaye aliitwa Gallio, na huyo ndiye Galio wa Matendo sura ya 18, liwali aliyekataa kumhukumu Paulo. Dawa yake ya kila usiku ni kujihoji taa ikishaondolewa na mke, anayeijua desturi hiyo, akinyamaza: leo umeponya kosa gani? Epictetus ana dawa fupi: hesabu siku ambazo hukukasirika, na ukifikisha thelathini mtolee Mungu sadaka. Alipoibiwa taa yake ya chuma alisema kesho atanunua ya udongo. Kazi yangu ni ya kupokea watu wenye malalamiko kutwa nzima, na kwangu hesabu ya Epictetus ndiyo iliyodumu, kwa sababu inaingia kwenye kalenda ya ukutani.

Je, si subira tu?

Wazee husoma haya wakasema: hii ni subira, tunayo. Inafanana, ila si ile ile. Tunasema subira yavuta heri, mvumilivu hula mbivu. Methali zetu zinaahidi: ngoja, kuna kitu kinakuja. Mstoiko haahidi kitu kinachokuja. Kwake heri imo katika namna unavyongoja, na mbivu zisipoiva hujapunjwa. Kwa mwenye imani ya Mungu, Mwislamu au Mkristo, hili ni pungufu, na naelewa. Mimi nazibeba zote mbili, na siku ambazo ile ya kwanza haionyeshi dalili ya kutimia, ya pili hunisimamisha.

Swali zito zaidi ni hili: je, mafundisho haya hayawaambii wanyonge wakubali? Barua ya 47 ya Seneca inasema watumwa ni binadamu, wanaishi nyumba moja nasi, ni rafiki zetu wa hali ya chini, ule nao mezani. Kwa karne ya kwanza ni maneno makubwa. Lakini hakusema waachwe huru, na Epictetus, aliyejua kitanzi chenyewe, hakusema utumwa ukomeshwe. Sisi tunaotoka pwani iliyokuwa na soko la watumwa Mkunazini hatuwezi kulipita hilo kimya. Jibu langu si kuwatetea. Wamenifundisha niushike vipi moyo wangu ninapodhulumiwa. Kuhusu kuiondoa dhuluma yenyewe nimejifunza kwa wengine.

Nakala ipi, na kwa nani

Wengi wetu tutawasoma kwa Kiingereza. Ukitaka za bure mtandaoni, George Long alifasiri Tafakuri mwaka 1862 na baadaye Epictetus. Ni Kiingereza cha Biblia ya kale, kinahitaji uvumilivu. Ukiweza kununua, Gregory Hays (2002) amemfanya Marcus aseme kwa sentensi fupi za leo. Kwa Epictetus, Robin Hard ameweka Mazungumzo na Kitabu cha Mkononi katika juzuu moja. Kwa Seneca, uteuzi wa Robin Campbell wa mwaka 1969 ndio rahisi kuupata kwenye mitumba, ingawa si barua zote. Tafsiri ya Richard Gummere ya mwanzo wa karne ya 20 inazo zote 124, na ipo bure.

Basi ukiniuliza. Huna shida kubwa, una dakika ishirini kwenye daladala, unataka tu kuona kama haya mambo yanakufaa: Seneca, barua ya 1, ya 12, ya 47, ya 56, na umsome kwa mpangilio wowote. Uko wodini, mahakamani, umefukuzwa kazi, au unasubiri jibu usilolimudu: Kitabu cha Mkononi cha Epictetus, sura ya 1 hadi ya 7, na ukiona sura ya 3 inakuumiza, iruke. Una watu chini yako, darasa, duka, familia ya kulisha, na umechoka kuwa mwema bila kushukuriwa: Marcus, kuanzia sehemu ya pili, ukurasa mmoja alfajiri, usizidishe.

Binamu yangu aliniuliza mwaka juzi, mwezi ambao biashara yake iliungua. Nilimpa Epictetus, nakala yangu mwenyewe yenye mistari ya penseli. Bado anayo. Mwezi uliopita alinipigia simu kuniuliza nilipigia mstari wa nini pale kwenye taa ya chuma.